Si Uzee Tu: Kutofautisha Deliriamu na Demensia kwa Wazee Wetu



Ndugu msomaji, tuanze na mfano. Frateri yuko parokiani kwa mwaka wake wa uchungaji. Kila Jumapili baada ya Misa ya pili anafuatana na mhudumu wa Komunyo kwenda kwa wagonjwa. Nyumba ya tatu ni ya bibi wa miaka 78. Jumapili iliyopita bibi huyo aliitikia sala zote, akamuuliza frateri hali ya mama yake, akalalamikia bei ya sukari. Jumapili hii amelala ubavu, anafumba macho katikati ya maneno, na vidole vyake vinachezea upindo wa kanga kana kwamba anaokota punje za mchele. Anamwita frateri kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Mkwewe anasema: "Ndiyo uzee huo, Frateri. Tangu Ijumaa yuko hivi hivi. Usiku anaona watu."

Frateri afanye nini? Anaweza kusali, kumfariji mkwe na kuendelea na nyumba ya nne. Wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini katika maneno ya mkwe yamo mawili ambayo daktari angeyashika mara moja: "tangu Ijumaa". Uzee hauanzi Ijumaa. Demensia nayo haianzi Ijumaa. Jambo linaloanza Ijumaa na kumgeuza mtu kabla ya Jumapili kwa kawaida ni ugonjwa wa mwili uliofika kuusumbua ubongo, na mara nyingi ugonjwa huo unatibika ikiwa mgonjwa atafikishwa hospitali mapema.

Makala hii inaeleza tofauti hiyo kwa ajili ya mafrateri, wahudumu wa Komunyo, wanajumuiya na yeyote anayeishi na mzee. Lengo si kutufanya madaktari. Lengo ni kutusaidia kutambua siku ambayo neno "uzee" laweza kugharimu maisha ya mtu.

Kuweweseka na kusahau ni mambo mawili

Kiswahili kina maneno mengi kwa akili iliyoyumba: kuchanganyikiwa, kuweweseka, kupayapaya, kurukwa na akili, kurudi utotoni. Shida ni kwamba tukimzungumzia mzee tunayatia yote katika kapu moja. Watu wa tiba hutenga hali mbili.

Deliriamu ni hali ya kuchanganyikiwa inayokuja ghafla, kwa saa au siku chache. Ubongo unashindwa kufanya kazi yake kwa sababu kuna kitu kinachoukwamisha: maambukizi, ukosefu wa maji, sukari iliyoshuka, dawa, au oksijeni isiyotosha. Aliyewahi kumuuguza mtu mwenye malaria kali, akamsikia anaongea na watu wasiokuwapo, ameiona deliriamu. Kijana hufikia hali hiyo kwa ugonjwa mkali. Kwa mzee, ambaye akiba ya mwili wake imepungua, jambo dogo laweza kutosha.

Demensia ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo polepole, kwa miezi na miaka, mpaka kumbukumbu, lugha, uamuzi na kazi za kila siku vinaathirika. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huenda unachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Shirika hilo linakadiria pia kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na walio wengi kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu pia ipo. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nayo. Tuisome takwimu hiyo pande zote mbili: demensia si ngeni kwetu, lakini pia wazee walio wengi wa umri huo hawana. Kwa hiyo hata demensia yenyewe si "uzee tu". Ni ugonjwa.

Mfano wa umeme unaweza kusaidia. Katika demensia, nyumba ina taa zinazoungua moja baada ya nyingine, mwaka hadi mwaka, na haziwaki tena. Katika deliriamu, taa zenyewe ni nzima, lakini umeme unakatika na kurudi kwa sababu kuna hitilafu mahali fulani. Fundi akiipata hitilafu na kuirekebisha, mara nyingi taa huwaka tena.

Maswali manne ya kujiuliza

Mwaka 1990 daktari wa Marekani Sharon Inouye na wenzake walichapisha njia fupi ya kutambua deliriamu, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Inasimama juu ya mambo manne, na yote yanaweza kuangaliwa na mtu aliyeketi karibu na kitanda.

La kwanza: ilianza lini? Muulize anayeishi na mzee, si mzee mwenyewe. Usiulize tu "amebadilika?" maana jibu litakuwa "ndiyo, ni mzee". Uliza: "Wiki iliyopita alikuwaje? Alhamisi alikula mwenyewe? Alikwenda msalani mwenyewe? Aliwajua wajukuu?" Kama Alhamisi alikuwa akipukuchua mahindi barazani na Jumapili hamjui mwanaye, hiyo ni dharura. Kama familia inasema, "Kwa kweli ni tangu Krismasi ya mwaka juzi, alianza kupotea njia ya sokoni, baadaye akawa anaunguza chakula," hiyo inafanana zaidi na demensia. Pamoja na swali la lini linakwenda swali la pili: je, hali inapanda na kushuka ndani ya siku moja? Mwenye deliriamu anaweza kuongea vizuri saa nne asubuhi, na jioni hamjui mtu. Hapo ndugu hugombana: mmoja anasema mama hajambo, mwingine anasema mama amezidiwa. Wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa saa aliyofika.

La pili: je, anaweza kushika jambo moja akalifuata? Hili ndilo kiini cha deliriamu. Mgonjwa anaanza kukujibu, kisha macho yanamfuata nzi, au anarudia swali la awali, au anasinzia. Wauguzi humwomba ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Kwa mzee ambaye hakusoma, siku za juma zafaa zaidi: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, na kuendelea. Mwenye demensia iliyo changa kwa kawaida anaweza kufuata mazungumzo na kujaribu kazi hiyo mpaka mwisho, hata kama atasahau baada ya dakika tano kwamba ulimuuliza. Mwenye deliriamu anapotelea njiani.

La tatu: je, maneno yake yana mpangilio? Katika deliriamu mazungumzo huruka kutoka jambo hadi jambo, bila uzi wa kuyaunganisha. Katika demensia mzee mara nyingi anatafuta neno na kulikosa, au anasimulia habari ileile mara nne, lakini habari yenyewe ina mwanzo na mwisho.

La nne: je, yuko macho kama kawaida yake? Mwenye demensia, isipokuwa hatua za mwisho, huwa macho kabisa kama mimi na wewe. Mwenye deliriamu ama ana usingizi usio wa kawaida, ama amechachamaa kupita kiasi, ama anabadilika kati ya hali hizo mbili.

Kwa njia hii, daktari huishuku deliriamu akikuta mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, pamoja na kushindwa kushika jambo, kisha walau moja kati ya mawili ya mwisho: maneno yasiyo na mpangilio au hali isiyo ya kawaida ya kuwa macho.

Hapa sisi watu wa sala tuchukue tahadhari moja. Mzee aliyesali Rozari kwa miaka sitini anaweza kuimaliza midomo yake ikienda yenyewe, hata akili ikiwa imevurugika. Sala zilizokaa ndani sana ndizo za mwisho kuondoka, na hiyo ni neema. Lakini kwa sababu hiyohiyo si kipimo. Usiseme "Bibi yuko sawa, ameitikia Salamu Maria vizuri." Muulize jambo la leo: nani alimletea uji asubuhi, na wewe umekuja kufanya nini.

Deliriamu ya kimya ndiyo inayotupita

Tukisikia mtu "amechanganyikiwa" tunafikiria anayepiga kelele, anayevua nguo, anayetaka kutoka usiku kwenda shambani. Deliriamu ya namna hiyo haijifichi. Watu wataita msaada. Lakini kwa wazee kuna namna nyingine, ya kimya. Mzee analala mchana kutwa, hajibu au anajibu neno moja, hali, hanywi, anatazama ukuta. Hasumbui mtu. Ndugu wanasema, "Leo ametulia." Katika wodi yenye wagonjwa wengi, hata wahudumu wanaweza kumpita kwa sababu haombi kitu. Huyu mara nyingi ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hatari yake haionekani. Hanywi maji, hivyo anazidi kukauka. Haligeuki, hivyo anapata vidonda vya kitandani. Hakohoi vizuri, hivyo kifua kinajaa.

Wapo pia wanaomdhania kuwa na huzuni au amekata tamaa, hasa kama amefiwa karibuni. Sonona ipo kwa wazee na ni ugonjwa halisi, lakini kwa kawaida hujijenga kwa majuma, si kwa usiku mmoja. Swali la "lini?" linasaidia hapo pia.

Nini huileta

Sababu za deliriamu ni nyingi, na mara nyingi kwa mzee mmoja ziko mbili au tatu kwa pamoja. Hizi ni zile ambazo familia zetu zinaweza kukutana nazo:

Maambukizi. Nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, kidonda kilichooza. Kumbuka kwamba mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kubwa na bila kikohozi cha kutisha. Kuchanganyikiwa kwaweza kuwa dalili ya kwanza, na pengine ya pekee inayoonekana.

Maji na choo. Mzee hahisi kiu kama kijana, na wengine hupunguza kunywa makusudi ili wasiamke usiku kwenda msalani. Kufunga choo kwa siku nyingi na mkojo kuzuiliwa, hasa kwa wanaume wenye tezi dume, navyo huweza kumvuruga mtu.

Dawa. Hapa tuwe makini sana, kwa sababu nyingine zinauzwa dukani kama peremende. Piritoni inayonywewa kwa mafua, dawa za usingizi, baadhi ya dawa za maumivu makali na baadhi ya dawa za mzio na kutapika zinaweza kumvuruga mzee. Dawa ya kisukari ikimezwa na chakula kikakosekana, sukari hushuka na akili hupotea kwa dakika. Dawa mpya iliyoanza wiki hii ishukiwe kwanza.

Kuanguka. Mzee aligonga kichwa wiki tatu zilizopita, akainuka, akasema hajambo. Damu yaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kumbadilisha majuma baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kile kishindo cha bafuni. Kuvunjika nyonga na upasuaji wake navyo hujulikana sana kwa kuleta deliriamu.

Pombe kukatwa ghafla. Babu aliyezoea kunywa kila siku analazwa kwa ugonjwa mwingine. Siku ya pili hadi ya nne anaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu ukutani. Hii ni hali ya hatari. Familia isione haya kumwambia daktari ukweli kuhusu pombe.

Hewa. Jiko la mkaa lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayonyima ubongo oksijeni. Hapo mtoeni mgonjwa nje kwanza, kabla ya swali lolote.

Moyo na ubongo wenyewe. Kiharusi na shambulio la moyo navyo vyaweza kuanza hivi. Uso uliopinda, mkono uliolegea upande mmoja au maneno yanayotatizika ghafla ni sababu ya kukimbia, si ya kungoja.

Mtu anapokuwa na vyote viwili

Jambo hili huwachanganya hata wataalamu: demensia ni moja ya mambo yanayomfanya mtu apate deliriamu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa na demensia ya miaka minne, na juu yake akapata deliriamu juzi. Familia iliyokwisha kuambiwa "mama ana ugonjwa wa kusahau" inaweza kupokea kila kitu kipya kama sehemu ya ugonjwa uleule. Hapo ndipo nimonia inapopita bila tiba.

Kanuni ni hii: mlinganishe mzee na nafsi yake ya wiki iliyopita. Usimlinganishe na kijana, wala na mzee wa jirani. Kama mama mwenye demensia kwa kawaida anatembea uani na kuimba, na leo haamki, leo kuna jambo jipya.

Kuna pia aina moja ya demensia, ile ya miili ya Lewy, ambayo huleta kuona vitu visivyokuwapo na siku za kupanda na kushuka, hata bila ugonjwa mwingine. Kuitofautisha ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kufuata njia iliyo salama: mabadiliko ya ghafla yahesabiwe kuwa deliriamu mpaka daktari aseme vinginevyo.

Na kinyume chake ni kweli. Mtu aliye ndani ya deliriamu asipewe jina la demensia siku hiyohiyo. Apone kwanza, kisha apimwe tena akiwa ametulia. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma, na vinaweza kumhukumu vibaya bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi Hai walitengeneza kipimo kinachotumia, pamoja na maswali, umbo linalopangwa kwa njiti za kiberiti badala ya mchoro wa penseli.

"Usiku anaona watu"

Tuseme wazi jambo ambalo katika vijumba vyetu husemwa kwa sauti ya chini. Mzee anapoona watu chumbani, anapozungumza na marehemu, anapokataa chakula akisema kina sumu, wengine huwaza wachawi, mizimu au pepo. Wengine huona mzee mwenyewe ndiye mchawi, hasa akiwa bibi anayetangatanga usiku. Tunajua dhuluma ambazo mawazo hayo yamewaletea wazee katika nchi yetu.

Kuona vitu visivyokuwapo ni dalili inayojulikana ya deliriamu. Inatokana na ubongo uliokosa kitu fulani, na hutokea kwa waamini na wasioamini, kwa watakatifu na kwa wakosefu. Sala kwa mgonjwa ni njema siku zote, na iendelee. Lakini sala isichukue nafasi ya gari la kwenda hospitali. Saa sita za kumwombea mzee mwenye sukari iliyoshuka bila kumpima sukari si imani iliyo kubwa zaidi. Ni saa sita zilizopotea.

La kufanya siku hiyohiyo

Turudi kwa yule frateri mlangoni. Hana kipimo wala dawa, lakini anaweza kufanya mambo haya:

1. Aulize "lini?" kwa utulivu, na alitafute jibu la siku na saa.

2. Atazame pamoja na familia: anapumua kwa shida? Ana joto? Amekunywa nini leo? Amekojoa mara ngapi? Alianguka mwezi huu? Ana dawa mpya?

3. Aseme waziwazi: "Mama, hii haifanani na uzee. Naomba Bibi afike hospitali leo." Neno hilo likitoka kwa mtu wa Kanisa lina uzito, na wakati mwingine ndilo linalomaliza ubishi wa ndugu.

4. Dawa zote ziwekwe katika mfuko mmoja na kupelekwa, pamoja na za kienyeji na za dukani. Pia miwani, meno ya bandia na kadi ya kliniki.

5. Aende naye mtu anayemjua vizuri, si tu yule mwenye nafasi. Sentensi muhimu kuliko zote mbele ya daktari ni hii: "Hii si kawaida yake. Alhamisi alikuwa hivi, leo yuko hivi."

6. Asipewe dawa ya usingizi ili "atulie". Mwenye kisukari aliye macho na anayemeza vizuri apewe maji yenye sukari wakati safari inaandaliwa. Mwenye usingizi mzito asitiwe kitu chochote kinywani, atapaliwa.

Hospitalini watapima sukari, oksijeni, joto, shinikizo la damu, malaria, mkojo na damu. Tiba ya deliriamu ni kutibu kile kilichoileta. Mtu huweza kurudi kwa siku chache, lakini kwa wazee wengine huchukua majuma au miezi, na si wote wanaorudi kikamilifu. Kwa sababu hiyo kuwahi kuna maana kubwa.

Kazi ambayo haihitaji cheti

Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya New Haven, Marekani, kwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Wazee wa kundi moja waliangaliwa kwa njia ya kawaida. Wa kundi la pili waliongezewa mambo ya kawaida kabisa: kukumbushwa siku na mahali walipo, kutembezwa, kunyweshwa, kuvalishwa miwani, kusaidiwa kusikia, kusaidiwa kulala bila vidonge. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea waliofundishwa. Deliriamu iliwapata asilimia 15.0 ya kundi la kwanza na asilimia 9.9 ya kundi la pili.

Fikiria hilo ukiangalia jumuiya zetu. Katika hospitali zetu ndugu ndio wanaokaa na mgonjwa, na WAWATA na Walegio ndio wanaopita wodini. Kazi ile inaweza kuwa yetu. Fungua pazia asubuhi, zima taa usiku. Jitambulishe kila unapoingia: "Shikamoo Babu, ni mimi mjukuu wako, leo ni Jumanne, uko hospitali, unaendelea kupona." Mpe maji kidogo kidogo kama daktari hajakataza. Msaidie kuketi na, akiruhusiwa, kutembea hatua chache. Msiingie watu kumi kwa mara moja. Akisema anaona mtu pembeni, usibishane naye wala usijifanye unamwona. Mwambie yuko salama na wewe upo. Na asifungwe mikono kitandani ikiwezekana kwa namna yoyote kuepuka, maana kumfunga humwongezea hofu na fujo.

Sakramenti na dole gumba

Mafrateri watauliza kuhusu Sakramenti. Akili iliyovurugika haimwondolei Mkristo haki ya kuhudumiwa. Kanuni 1006 ya Sheria ya Kanisa inataka Mpako wa Wagonjwa utolewe kwa wale ambao, walipokuwa na fahamu zao, waliuomba walau kwa namna isiyo ya wazi. Mzee aliyeishi Ukristo wake kwa uaminifu ameshaonyesha nia hiyo. Basi frateri ampigie simu padre, ambaye peke yake ndiye awezaye kuutoa, huku gari likitafutwa. Maungamo yanaweza kungoja saa ambayo akili imetulia; deliriamu hupanda na kushuka, na mara nyingi asubuhi hufaa zaidi. Kuhusu Komunyo, mhudumu asimpe mtu anayesinzia au asiyeweza kumeza. Kwa wenye demensia ya muda mrefu, Papa Benedikto wa 16 katika waraka wake wa mwaka 2007 kuhusu Ekaristi alifundisha kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kuimarishwa wapewe Komunyo inapowezekana, wakiipokea pia katika imani ya familia na jumuiya inayowasindikiza. Mafundisho hayo yanatusaidia kutowafungia mlango wazee hawa.

Kuna jambo la mwisho, ambalo si la Sakramenti lakini huvunja familia nyingi. Mzee aliye katika deliriamu asitiwe wino kwenye dole gumba. Wosia, karatasi za shamba, fomu za benki, vyote vingoje. Anayeharakisha saini usiku ambao mama hamjui mwanaye anatenda dhuluma, hata akidai kwamba mama "alikubali kwa kichwa". Mkiombwa kuwa mashahidi, kataeni.

Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zikipungua. Mara nyingi tumelielewa agizo hilo kama kustahimili kimya. Lakini kumvumilia mzee hakumaanishi kukubali kila badiliko lake. Pamoja na uvumilivu tunadaiwa pia kumjua: anavyoamka, anavyocheka, anavyoiita paka wake, ili siku atakapobadilika tuwe na la kumwambia daktari. Jumapili ijayo, ukipeleka Komunyo au ukipita tu kumsalimu mzee wa jirani, kaa dakika tano za ziada. Mtazame vizuri leo akiwa mzima. Hiyo ndiyo kumbukumbu itakayohitajika siku ambayo yeye mwenyewe hataweza kujieleza.